Uzi: Ng'ombe akisusa chakula, dawa za kufungua hamu zinafanya nini ubongoni?

Daktari_Njoro (Nakuru)

Wafugaji wenzangu, hamjambo.

Swali ninaloulizwa sana kwenye masoko ya huku, kuanzia Njoro hadi Molo na Elburgon, ni hili: "Daktari, si kuna dawa ya kufungua hamu ya kula?" Anayeuliza ana ng'ombe aliyesusa chakula. Mara nyingi ameshapitia duka la dawa za watu akanunua siprohiptadini, vidonge vile vile ambavyo vijana wanameza ili wanenepe, na sasa anataka nimwambie asage vingapi kwenye ndoo ya maji. Huwa nakataa. Lakini kukataa tu hakumsaidii mtu ambaye maziwa yamekatika na karo inadaiwa, kwa hiyo wacha niliweke jambo lote hapa, mtu alisome kwa utulivu.

Tumbo hupeleka habari. Anayeamua kula au kutokula ni ubongo. Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson, watafiti wa Marekani, waliharibu eneo la katikati ya haipothalamasi ya panya, na panya wale wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaharibu eneo la pembeni. Panya wakaacha kula kabisa, wakafa njaa chakula kikiwa mbele yao. Tangu hapo watu wakajua kwamba njaa ina makao yake kichwani.

Seli za huko zinawasiliana kwa kemikali: serotonini, dopamini, histamini na nyingine nyingi. Seli moja ikitoa kemikali, kemikali ile inashika protini iliyo kwenye ukuta wa seli nyingine. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Dawa nyingi tunazozungumzia hapa hufanya moja kati ya mambo mawili: inashika kipokezi na kukiamsha, au inakishika na kukiziba ili kemikali ya mwili isipate nafasi.

Chukueni serotonini. Kazi yake moja ni kumtuliza mnyama aliyekwisha kula. Mwaka 1995 watafiti walizalisha panya wasio na kipokezi cha serotonini cha aina ya 2C, na panya hao wakawa walafi, wakanenepa. Siprohiptadini inaziba vipokezi vya serotonini na pia vya histamini. Ndiyo maana anayeimeza anasikia njaa, na ndiyo maana anasinzia, kwa sababu histamini ni mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho.

Kuna seli nyingine za haipothalamasi zinazosukuma mnyama ale. Mwaka 2005 ziliuawa kwa panya wakubwa, nao wakaacha kula. Mwaka 2011 zikaamshwa kwa mwanga uliopitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo hadi ndani ya ubongo, na panya aliyekwisha shiba akarudi kwenye chakula ndani ya dakika chache. Mimi jaribio hilo hunishangaza kila ninapolifikiria. Mnyama hakuwa na upungufu wowote mwilini, lakini alikula kama amri imetolewa.

Sasa ng'ombe. Sisemi kwamba ubongo wake hausikii dawa hizi. Miaka ya 1970 dawa ya jamii ya diazepamu (ile ya kutuliza wasiwasi) iitwayo elfazepamu ilijaribiwa kwa kondoo na ng'ombe, wakala zaidi. Baadaye brotizolamu, ya jamii hiyo hiyo, ilisajiliwa katika baadhi ya nchi za Ulaya kwa ng'ombe waliosusa chakula, ikidungwa kwenye mshipa kwa kipimo cha mikrogramu, kiasi kidogo mno. Na mwaka 1979 Della-Fera na Baile walionyesha kwa kondoo upande wa pili: kemikali ya shibe inayotoka utumboni, ikiingizwa kidogo kidogo kwenye maji ya ubongo, kondoo anaacha kula hata kama ana njaa.

Kwa hiyo mlango upo. Ninachobisha ni kuugonga bila kujua ni nini kilichoufunga. Huku kwetu ng'ombe anayesusa ghafla mara nyingi ana homa, na homa hiyo mara nyingi ni ndigana kali ya kupe. Kinga ya mwili ikipambana na ugonjwa inatoa kemikali ziitwazo sitokini, nazo zinasababisha kemikali nyingine, prostaglandini, zitengenezwe, na hizo zinaiambia haipothalamasi ipandishe joto na ipunguze njaa kwa wakati mmoja. Ukitibu ndigana mapema kwa buparvakwoni, hamu inarudi yenyewe. Ukimpa kidonge cha kumfungua mdomo, umempa kimelea siku mbili za bure, na kwa ndigana siku mbili ni nyingi sana.

Halafu kuna tumbo lenyewe. Kabla hujampigia mtu yeyote simu, simama upande wa kushoto wa ng'ombe, kunja ngumi, ibonyeze kwenye lile bonde lililo nyuma ya ubavu wa mwisho, uiache hapo. Tumbo likiwa zima litaiinua ngumi yako polepole, litulie, liiinue tena, mara moja au mbili kwa dakika. Subiri dakika mbili kamili ukitazama saa. Ngumi ikikaa bila kuinuliwa, au ukibonyeza kwa kidole na shimo likabaki, tumbo limesimama. Kumlazimisha kula hapo ni kuita matatu zaidi ziingie stendi ambayo lango la kutokea limefungwa.

Ulizeni, nitajibu.

MwanaChwele (Bungoma)

Daktari asante sana. Mimi yangu ni ya uchungu. Ng'ombe wangu aina ya Ayrshire alikuwa amebakisha kama wiki tatu azae. Akapunguza kula. Nikamwita kijana mmoja anayetembea na mkoba wa dawa huku vijijini, akamdunga "sindano ya hamu", akasema kesho atakula kama tingatinga. Kweli alikula siku hiyo. Kisha akazaa kabla ya wakati, ndama dhaifu, na kondo ya nyuma ikabaki ndani. Ndama hakuishi. Hiyo ni dawa ya ubongo?

Daktari_Njoro

Pole sana ndugu yangu. Bila kuiona chupa siwezi kuapa, lakini hadithi yako inafanana mno na deksamethasoni. Ni steroidi, dawa inayoiga homoni ya mwili. Inaingia kwenye seli na kushika vipokezi vyake hata kule kwenye haipothalamasi, na moja ya matokeo ni mnyama kutaka kula. Pia inashusha homa na maumivu, kwa hiyo ng'ombe anainua kichwa, na mwenye ng'ombe anaona amepona.

Shida ni kwamba kuzaa kwa ng'ombe huanzishwa na steroidi inayotoka kwa ndama mwenyewe aliye tumboni. Ukimdunga mama steroidi wiki za mwisho, mwili unaelewa kwamba ndama ametoa ishara. Ndani ya siku mbili tatu anazaa, na kondo kubaki ni jambo la kawaida kabisa katika hali hiyo. Zaidi ya hayo inapunguza kinga, kwa hiyo kama kulikuwa na ugonjwa umeachiwa uwanja. Dawa hii ina kazi zake nzuri mikononi mwa anayeijua, na swali la kwanza la anayeijua ni: "Ana mimba ya miezi mingapi?" Kijana aliuliza?

MwanaChwele

Hakuuliza. Tumbo lilionekana wazi lakini hakuuliza.

Nyar_Ahero (Kisumu)

Samahani kwa kuingiza paka kwenye mambo ya ng'ombe, lakini kichwa cha uzi kimenigusa. Nina paka mzee, figo zake zimechoka. Alikuwa anapenda omena kuliko kitu chochote, hata ukifungua mfuko tu anakuja mbio. Ikafika mahali ananusa na kugeuka. Daktari wa wanyama hapa mjini alimwandikia kipande kidogo cha kidonge cha mirtazapini, akasema ni dawa ya watu wenye huzuni. Jirani yangu akanicheka, eti paka ana huzuni gani. Lakini amekula! Sasa nataka kujua kama nimpe kila siku ili anenepe haraka, maana daktari alisema siku moja nimpe, siku moja niruke.

Daktari_Njoro

Dada, fuata alivyokuambia, usiongeze hata kidogo. Paka wako anafaa sana kwenye uzi huu.

Mirtazapini ilitengenezwa kwa watu wenye sonona, na wagonjwa wengi wakaanza kuongezeka uzito. Inaziba vipokezi kadhaa vya serotonini na kile cha histamini. Kipokezi kimoja cha serotonini inachokiziba, cha aina ya 3, kinahusika na kichefuchefu, na paka wa figo huishi na kichefuchefu; ndiyo maana anakaribia chakula, ananusa, anaondoka. Kwa hiyo kwake dawa inafanya kazi mbili. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha mirtazapini ya kupaka ndani ya sikio la paka, kwa paka wanaopungua uzito. Anayepaka anavaa glavu, la sivyo yeye mwenyewe atasinzia na kutafuta ugali.

Lakini figo na ini vikiwa dhaifu dawa inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu ya kuruka siku. Ikizidi, paka analia bila kukoma, anazunguka nyumba, anatetemeka. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Na dawa ambayo daktari anaweza kuitumia kumtuliza ni siprohiptadini, ile ile niliyoikataza kwa ng'ombe. Dawa mbaya kwa kila mnyama ni chache, na nzuri kwa kila mnyama ni chache pia. Inategemea ni nani, ana nini, na kiasi gani.

Omena zichemshe kidogo mpe zikiwa vuguvugu, paka hula kwa pua. Na paka mnene akikaa siku tatu nne bila kula, ini lake linaweza kujaa mafuta na akafa kwa hilo, si kwa ule ugonjwa wa kwanza. Kwa paka, tofauti na ng'ombe, kumfanya ale ni sehemu ya matibabu yenyewe. Jirani asikucheke.

Jambo moja nililoulizwa kando: diazepamu ya kumeza kwa paka, hapana. Ilitumika zamani kuwafungua hamu, inafanya kazi dakika chache tu baada ya kupewa, lakini miaka ya 1990 zilichapishwa taarifa za paka walioharibikiwa ini na kufa baada ya kupewa kwa siku kadhaa. Na parasetamoli usiiguse kabisa. Inaua paka.

Mfamasia_Kondele (Kisumu)

Nakubaliana na daktari, na nitaongeza ya upande wa kaunta. Siprohiptadini kisheria na kitabibu ni dawa ya mzio. Wasichana wanaokuja kuitafuta hawana mzio, wanataka nyonga. Wanasinzia darasani, wanasinzia kazini, wakiacha wanapungua tena, wanarudi wanataka zaidi. Sasa nikisikia kwamba inakwenda pia kwenye ndoo ya ng'ombe nashtuka, kwa sababu maziwa yale tunayanywa sote.

Upande wa kupunguza hamu nao una historia ambayo watu wa sindano za kupunguza uzito wanafaa kuijua. Fenfluramini ilisukuma serotonini, watu wakapungua, ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Sababu ni kwamba vali za moyo nazo zina kipokezi cha serotonini, cha aina ya 2B, ndugu wa kile cha ubongoni. Rimonabanti ilikuja Ulaya mwaka 2006. Iliziba kipokezi kile kile ambacho bhangi inakiamsha, na kila mtu anajua bhangi inavyoleta njaa. Wanyama wa maabara walipungua vizuri. Watu nao walipungua, lakini wengine wakaingia kwenye sonona na mawazo ya kujiua, ikasimamishwa mwaka 2008. Panya huwezi kumuuliza kama amekata tamaa ya maisha.

Na hapa stendi tuna miraa. Kathinoni iliyomo inaachilia dopamini na noradrenalini. Panya wakipewa wanapunguza kula, na madereva wa usiku wanajua hivyo bila maabara: anatafuna kutoka jioni, asubuhi sahani anaiona ni mzigo.

KukuBahati (Nakuru)

Nimesoma mahali kwamba kuna dawa mpya ya mbwa inayoiga homoni ya njaa. Nina vifaranga wa kienyeji wanazubaa, hawali. Haiwezi kuwasaidia kwa kipimo kidogo?

Daktari_Njoro

Mama, hapa ndipo ninapotaka kila mtu asimame kidogo.

Homoni unayoizungumzia ni grelini. Iligunduliwa na Wajapani Kojima na Kangawa, wakatangaza mwaka 1999, kwenye tumbo la panya. Tumbo likiwa tupu linaitoa, inafika ubongoni, inaamsha kipokezi chake, mnyama anatafuta chakula. Dawa ya mbwa inaitwa kapromorelini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na inaamsha kipokezi hicho hicho. Kwa mbwa inafanya kazi vizuri.

Kwa kuku ni kinyume. Watafiti walipoidunga grelini kwenye ubongo wa vifaranga, vifaranga waliacha kula. Homoni ile ile, kipokezi cha jamii ile ile, lakini kwa ndege nyuzi za neva zinazofuata zimeunganishwa kwa njia nyingine. Ungewapa wako dawa ya mbwa ukitarajia wachangamke, huenda ungewazidishia kususa chakula.

Hili ndilo jambo langu kubwa kwenye uzi huu wote. Jina la kipokezi halikuambii mnyama atafanya nini. Ukitoa dawa kwa mtu ukaipeleka kwa ng'ombe, au kwa mbwa ukaipeleka kwa kuku, umeanza jaribio jipya, na anayelipa gharama ni mfugo wako.

Vifaranga wanaozubaa waangalie joto kwanza. Wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia kuta wamezidiwa na joto. Kinyesi chenye damu ni koksidia. Mabawa yakishuka na kinyesi ni cheupe, toa mmoja aliyekufa leo umpeleke maabara ya mifugo, usingoje wafike kumi.

Mwanafunzi_Egerton (Njoro)

Daktari, kwa heshima, nadhani umezikandamiza kidogo dawa za ubongo. Si hata flunixini na meloksikamu, dawa za homa na maumivu, zinarudisha hamu ya ng'ombe mwenye homa, na zinafanya hivyo kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe? Hiyo nayo si kuufungua mdomo bila kutibu kimelea?

Na hata ndani ya aina moja ya mnyama mambo hayalingani. Olanzapini, dawa ya wagonjwa wa akili, inanenepesha watu wa jinsia zote. Kwa panya inanenepesha majike, madume hawanenepi hivyo. Mbwa aina ya Labrador, karibu robo yao wana kipande kilichopotea kwenye jeni ya POMC, ile inayotengeneza kemikali ya shibe; iliripotiwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2016. Mbwa wa namna hiyo anaomba chakula siku nzima na hana kosa lolote.

Daktari_Njoro

Umesema kweli kuhusu flunixini, na sikuiweka wazi. Ninaitumia mwenyewe. Tofauti ni kwamba naidunga baada ya kupima joto, kugusa tezi chini ya sikio na ile ya mbele ya bega, na kuanza dawa ya ugonjwa. Mnyama asiye na maumivu anakunywa maji, anacheua, anapona haraka. Ikidungwa peke yake inaficha homa, na kesho daktari mwingine akija atapima digrii 39 atasema ng'ombe ni mzima. Kwa hiyo ndiyo, hoja yako ni ile ile niliyoisema kuhusu steroidi, na inanihusu mimi pia.

Ya Labrador ni nzuri. Watu wa nguruwe wana ya kwao.

Nguruwe_Kakamega

Tuna ya kwetu ipi? Mimi niko hapa Shinyalu, nguruwe wangu wawili wa mama mmoja, mmoja anakula mpaka analamba ukuta, mwingine anachezea.

Daktari_Njoro

Mzee, kuna kipokezi cha ubongoni kinaitwa MC4R, kinapokea ile kemikali ya shibe ambayo mwanafunzi ameitaja. Mwaka 2000 ilichapishwa kwamba nguruwe wana matoleo mawili ya jeni ya kipokezi hicho. Wenye toleo moja hula zaidi, hukua haraka zaidi na huweka mafuta mengi zaidi. Wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana kabisa. Hapo hakuna dawa ya kununua, kuna dume la kuchagua.

Lakini kabla ya jeni angalia maji. Nguruwe mwenye kiu hali. Na joto likipanda anapunguza kula, maana kumeng'enya chakula kunazalisha joto na yeye hatoi jasho la kumsaidia. Mlishe alfajiri na jioni, umwagie sakafu maji mchana.

MwanaChwele

Daktari swali la mwisho. Yule kijana ataitwa tena na majirani, siwezi kuwazuia. Tumuulize nini?

Daktari_Njoro

Muulizeni leseni yake ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo, iwe ya daktari au ya msaidizi. Kisha muombeni chupa mkononi kabla hajavuta dawa kwenye bomba la sindano, msome jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, si lile kubwa la biashara, na mlipige picha. Muulizeni maziwa yamwagwe siku ngapi na nyama ingoje siku ngapi. Asiyeweza kujibu hilo la maziwa asidunge. Mwambieni wenyewe kama ng'ombe ana mimba na ya miezi mingapi, msingoje aulize. Na kabla hajafika mtu awe ameshapima joto. Kipimajoto kinauzwa kwenye agroveti yoyote, kinaingizwa nyuma, kinagusa ukuta wa ndani, unahesabu dakika mbili. Ng'ombe mzima yuko kati ya 38 na 39 na kidogo. Ukiona imepita 40, hiyo si shida ya hamu.

MwanaChwele

Sawa. Tutanunua kimoja cha boma zima, kikae kwa mama wa nyumba ya kwanza.

Nyar_Ahero

Na mimi nimeacha wazo la kila siku. Leo ni siku ya kuruka. Omena zilizopashwa amezila nusu.